Futi Kamba Kabla ya Mizani: Somo la Afya kwa Kamati za Parokia na Vigango



Katika maombi ya miradi midogo yaliyofika ofisini kwetu robo iliyopita, kamati za afya za parokia nne ziliomba kitu kimoja: mizani ya kupimia watu wazima. Sababu zilizotolewa ni za kweli. Waumini wananenepa, shinikizo la damu limeingia hadi vigangoni, na mara kwa mara tunamzika mtu ambaye jana yake alikuwa kwaya. Badala ya kuijibu kila parokia kwa barua, tumeona tuandike somo hili ili tulisome pamoja, ninyi mnaopima na ninyi wafadhili mnaotoa fedha. Jibu letu kwa kifupi ni kwamba kabla ya mizani, nunueni futi kamba, ile ile ya fundi cherehani.

Hali ilivyobadilika

Wazee wa kamati wanakumbuka kwamba zamani tukisema "lishe" tulimaanisha watoto waliokonda. Mizani tuliyoijua ni ile ya kuning'inizwa kwenye mwembe, mtoto akitiwa ndani ya kaptura ya turubai huku analia. Kazi ile haijakwisha, na asije mtu akasema somo hili limeifuta. Lakini siku hizi katika nyumba moja unaweza kumkuta mtoto aliyedumaa na bibi yake mwenye kitambi, wote wakila kutoka chungu kimoja. Utafiti wa taifa wa afya na idadi ya watu wa 2004-05 ulikuta kwamba kati ya kila wanawake 100 wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49, 18 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Uliporudiwa 2015-16, walikuwa wamefika 28.

Mtu anaweza kuuliza, unene una ubaya gani? Kwetu mtu akinenepa huambiwa amenawiri, na bwana harusi ambaye mkewe hajanenepa baada ya mwaka husemwa vibaya na wakwe. Basi tutazame upande wa pili. Kati ya 2003 na 2006 watafiti walifuatilia wagonjwa wa kiharusi katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, na katika eneo moja la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, waliona kwamba wakazi wa Dar es Salaam walipata kiharusi karibu mara tatu kuliko wakazi wa Hai. Ni Watanzania wale wale, nchi ile ile. Utafiti mwingine uliwafuata watu zaidi ya 200 waliohama kutoka vijiji vya Morogoro kwenda Dar es Salaam. Walipimwa kabla ya kuondoka na kupimwa tena walipokwisha kukaa mjini. Katika mwaka mmoja tu, uzito wao ulikuwa umeongezeka kwa wastani wa kilo mbili na kitu, wanaume na wanawake sawasawa. Jembe lilikuwa limebaki Morogoro.

Nasi tusijidanganye kwamba hayo ni ya mjini. Mji umekwisha kutufuata. Njia ya kwenda gulioni ambayo mama alikuwa akiitembea saa nzima, leo anaipita kwa bodaboda kwa dakika kumi.

Mizani inasema nini, na inanyamazia nini

Hospitalini mtu akipimwa uzito na urefu, muuguzi hupiga hesabu inayoitwa BMI, yaani uwiano wa uzito na urefu. Unachukua kilo, unagawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Jibu likiwa kati ya 18.5 na chini kidogo ya 25, uzito ni wa kawaida. Kuanzia 25 umezidi, na kuanzia 30 huo ni unene uliokithiri. Hesabu hii ilianza na Mbelgiji aitwaye Adolphe Quetelet katika miaka ya 1830. Huyu hakuwa daktari. Alikuwa mtu wa nyota na takwimu aliyetaka kujua mtu wa wastani ana umbo gani. Jina la BMI lilikuja baadaye sana, 1972, kupitia kwa mtaalamu wa Marekani Ancel Keys. Ni hesabu nzuri ya kulinganisha wilaya na wilaya au taifa na taifa. Kwa mtu mmoja aliyesimama mbele yako, ina upungufu.

Chukua mfano wa mama mwenye kilo 72 na urefu wa mita 1.60. Hesabu yake ni 28, kwa hiyo mizani inasema amezidi. Halafu chukua baba mwenye kilo 70 na urefu wa mita 1.72. Hesabu yake haifiki 24, na mizani inampongeza. Sasa zungusha futi kamba. Mama ana kiuno cha sentimita 79 na makalio ya sentimita 108. Unene wake umekaa chini, kwenye makalio na mapaja. Baba ana kiuno cha sentimita 98 na makalio ya 95. Miguu na mikono yake ni myembamba, bali mbele amebeba kitambi ambacho wenzake wa kwaya humtania kwamba ni cha cheo. Kwa habari ya moyo, wa kuhangaikia kwanza ni huyo baba, ambaye mizani imemrudisha nyumbani akiwa na furaha.

Kwa nini iwe hivyo? Mafuta ya mwilini hayana tabia moja. Daktari mmoja wa Marseille, Ufaransa, jina lake Jean Vague, aliandika mwaka 1947 kwamba wagonjwa wake walionenepa sehemu ya juu ya mwili ndio waliopata kisukari na magonjwa ya mishipa, kuliko walionenepa chini. Wakati huo hakusikilizwa sana. Leo tunaelewa zaidi. Mafuta ya makalio na mapaja ni kama mahindi yaliyowekwa ghalani: yamekaa, hayamsumbui mtu. Mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka utumbo na ini, hayatulii. Mshipa unaotoka utumboni huyapeleka moja kwa moja kwenye ini, na ini likielemewa humwaga mafuta mengi katika damu. Insulini, ile homoni inayoingiza sukari katika misuli, huanza kukosa nguvu, na sukari hupanda. Shinikizo la damu nalo hupanda. Kuta za mishipa hushika utando wa mafuta, na siku utando huo ukipasuka katika mshipa unaolisha moyo, damu huganda hapo, na sehemu ya moyo hufa kwa kukosa hewa.

Hapa kwetu Afrika njia ya kutoka kitambi hadi moyo mara nyingi hupitia kwenye shinikizo la damu. Wagonjwa wetu wengi wa moyo hawaanguki kwa mshipa ulioziba kama wa Ulaya. Moyo wao umesukuma damu dhidi ya shinikizo kubwa kwa miaka kumi au ishirini hadi ukachoka, ukatanuka, miguu ikavimba na pumzi ikakata kwa kupanda mlima mdogo tu. Au mshipa umepasuka kichwani, nao ni kiharusi. Wengi hawakuwahi kupimwa hata mara moja. Majirani husema karogwa.

Ushahidi mkubwa zaidi kuhusu futi kamba ulitoka katika utafiti uitwao INTERHEART, ulioongozwa na Dk. Salim Yusuf wa Kanada. Ulihusisha nchi 52, Afrika ikiwemo. Watu zaidi ya 27,000, wengine waliopata shambulio la moyo na wengine wasiolipata, walilinganishwa kwa vipimo vya mwili. Matokeo yaliyochapishwa 2005 yalionyesha kwamba uwiano wa kiuno na makalio ulitabiri shambulio la moyo vizuri kuliko BMI. Walio juu kabisa kwa uwiano huo, yaani moja ya tano ya mwisho ikilinganishwa na ile ya kwanza kwa mpangilio wa makundi matano, walikuwa na hatari ya mara mbili na nusu hivi. Kwa lugha nyepesi: wapange watu katika mafungu matano kwa ukubwa wa kitambi, fungu la mwisho lina hatari mara mbili na nusu ya fungu la kwanza.

Suruali za madereva wa London

Kisa hiki tumekipenda, nasi tunakisimulia kwa sababu hakikuhitaji mashine yoyote. Baada ya vita kuu ya pili, mabasi ya London yalikuwa ya ghorofa mbili. Kila basi lilikuwa na dereva, anayekaa kutwa, na kondakta, anayepanda na kushuka ngazi kukata tiketi, mamia ya ngazi kwa siku. Daktari Jerry Morris na wenzake wakawalinganisha, na mwaka 1953 wakatangaza kwamba makondakta walipata ugonjwa wa moyo kidogo kuliko madereva, na walipoupata haukuwaua upesi kama wenzao.

Watu wakabisha. Wakasema labda wanaoomba kazi ya udereva ni wanene tangu mwanzo. Morris akafanya jambo la akili sana. Kampuni ilikuwa ikiwashonea wafanyakazi sare, na vipimo vya suruali vilikuwa vimeandikwa katika madaftari. Akavichukua. Mwaka 1956 yeye na wenzake wakachapisha makala juu ya sare hizo: ni kweli, madereva walikuwa na viuno vikubwa kuliko makondakta wa umri ule ule. Lakini hata alipomlinganisha kondakta mwenye kitambi na dereva mwenye kitambi kama chake, kondakta alikuwa na nafuu. Kwa hiyo wabishi walikuwa na hoja, ila haikutosha. Kiuno kina neno lake, na kutembea kuna neno lake pia. Mwanakamati atakayemwambia muumini mnene "ukishindwa kupungua, basi tembea tu," hatakuwa amempa faraja ya uongo.

Mafundi cherehani wa parokia zetu wana madaftari kama yale. Yupo fundi anayejua kiuno cha kila mwanakwaya tangu sare ya jubilei hadi ya mwaka huu. Hatusemi muombe daftari lake. Hiyo ni siri ya mteja. Tunasema tu kwamba mwalimu wa kupima mnaye tayari hapo sokoni. Mwiteni kwenye semina.

Jinsi ya kupima

Anayepimwa asimame wima, miguu karibu karibu, mikono imelegea, kabla ya chakula kama inawezekana. Tafuta kwa vidole mwisho wa mbavu upande wa ubavuni, kisha tafuta juu ya mfupa wa nyonga. Kipimo kinapita katikati ya sehemu hizo mbili. Wengi hukosea hapa kwa kufuata mkanda wa suruali. Mwanamume mwenye kitambi hufunga mkanda chini ya tumbo, na ukipima hapo utamwandikia kiuno cha kijana. Futi kamba izunguke sawasawa, isipande mgongoni wala kushuka mbele. Iguse mwili bila kuukaza. Mwambie apumue kawaida, soma namba anapomaliza kutoa pumzi. Usimwambie "usibane tumbo," kwa maana hapo ndipo atakapolibana. Mwulize habari za watoto. Pima mara mbili. Vipimo vikipishana kwa zaidi ya sentimita moja, anza tena.

Akina mama wavue khanga ya juu au waifunge mbali na kiuno, maana mkunjo wa khanga huongeza sentimita tatu nne bila hatia. Wajawazito wasipimwe kiuno. Makalio hupimwa mahali yanapojaza zaidi.

Futi kamba ya nguo hulegea kwa matumizi. Kila baada ya miezi michache ilinganisheni na rula ya mita ya shuleni. Tena angalieni upande wa kusoma: upande mmoja ni inchi, mwingine sentimita. Tumewahi kuletewa daftari la kigango kizima ambamo watu wazima walikuwa na viuno vya 36 na 40, tukadhani ni njaa.

Sasa mipaka. Shirikisho la Kisukari Duniani lilitoa mwaka 2005 kwamba hatari huanza kiuno kinapofika sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Namba hizo zilitoka kwa watu wa Ulaya, na Waafrika wa kusini mwa Sahara tuliazimwa hadi tupate zetu. Baadaye watafiti wa Kiafrika waliunganisha vipimo vya watu zaidi ya 24,000 wa nchi kadhaa za bara letu, wakaona kwamba kwa wanaume wetu hatari huanza mapema, kwenye sentimita 81 hivi, karibu sawa na wanawake. Kwa uwiano wa kiuno na makalio, Shirika la Afya Duniani limeweka 0.90 kwa mwanamume na 0.85 kwa mwanamke.

Mkiona namba zimekuwa nyingi, shikeni kipimo hiki kimoja ambacho hata asiyejua kusoma anaweza kukitumia: kiuno kisifike nusu ya urefu wa mtu. Chukua kamba ya katani, mpime urefu kutoka utosini hadi kisiginoni, ikunje mara mbili, kisha izungushe kiunoni. Ncha zikikutana na kupitana, sawa. Zisipokutana, huyo aende akapimwe damu na shinikizo. Baba wa mfano wetu nusu yake ni sentimita 86, na kiuno chake ni 98. Kamba haikutani.

Yaliyotupata katika kigango kimoja

Hatukitaji kigango hiki, kwa sababu kosa lilikuwa letu sisi tuliotoka ofisini. Tulipanga siku ya afya baada ya misa ya Jumapili. Tuliweka mizani karibu na mlango wa kanisa, kijana mmoja akisoma uzito kwa sauti, mwingine akiandika. Tulifurahia mstari mrefu. Akapanda mama mmoja wa jumuiya ya jirani, kijana akapaza sauti, "Tisini na sita!" Vijana waliokaa ukutani wakacheka. Ikawa jina lake. Mama yule hakuonekana kwenye jumuiya wiki nyingi, na mashine ya shinikizo la damu, iliyokuwa hatua tano tu kutoka pale kwenye mizani, hakuifikia. Miezi mitano baadaye muuguzi wa zahanati alimtembelea nyumbani kwa ajili ya mjukuu mgonjwa, akampima na yeye. Shinikizo lilikuwa 190 kwa 110. Leo anatumia vidonge na anaendelea vizuri, lakini miezi ile mitano angeweza kabisa kuimaliza kaburini, na sisi tungeenda kumzika bila kujua kwamba tulihusika.

Upande mwingine wa aibu hiyo ni kukonda. Walioishi miaka ya 1990 wanajua: mtu akipungua kilo tano tu, mtaa mzima ulikwisha kumwandikia ugonjwa. Ingawa dawa za kufubaza virusi zilianza kutolewa bure nchini tangu 2004 na wanaozitumia wana afya na miili yao, hofu ile haijaondoka. Mama mmoja alituambia waziwazi, "Mwanangu, afadhali nife na mwili wangu kuliko nikonde wanizushie." Kamati isiyojua hofu hii itahubiri bure. Sisi tumeona inasaidia watu wakipunguza kitambi kwa vikundi, watano sita wa jumuiya moja, maana hakuna wa kusemwa peke yake.

Kwa hiyo: chumba au pazia. Wanawake wapimwe na wanawake, wanaume na wanaume. Namba isisemwe kwa sauti, iandikwe kwenye kadi apewe mwenyewe. Daftari la kamati liwe na namba za kadi, si majina, na likae kwa muuguzi, si sakristia.

Mkono nao upimwe

Neno moja kwa wafadhili hasa. Mnapotuletea mashine za shinikizo la damu, karibu zote huja na mfuko wa mkono wa saizi moja. Mfuko ule umetengenezwa kwa mkono wa mzunguko wa sentimita 22 hadi 32 hivi. Ukiufunga kwenye mkono mnene zaidi, mashine hutoa namba kubwa kuliko ukweli, na mtu anaanzishwa vidonge vya maisha kwa sababu ya mfuko mdogo. Ukiufunga kwenye mkono uliokonda sana, namba huwa ndogo na mgonjwa huachwa. Tafadhali, kwa kila mashine ongezeni mfuko mkubwa. Na kamati, futi kamba ile ile ipite kwanza katikati ya mkono wa juu kabla ya kuchagua mfuko. Apumzike ameketi dakika tano, asiongee. Namba ikifika 140 kwa 90 au kuzidi, arudiwe siku nyingine. Asihukumiwe kwa kipimo kimoja, isipokuwa ikiwa juu sana, kama ya mama yule, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Kabla hamjaanza

Tunaomba kila kamati ijibu swali hili kwanza kwa maandishi: tukimkuta mtu ana shinikizo la damu, anakwenda wapi, na nani atalipia vidonge vya mwezi wa pili? Mwezi wa kwanza huwa rahisi, kuna msamaria. Vidonge vya shinikizo ni vya kila siku, miaka yote. Kumwambia mtu ana hatari kisha kumwacha nayo ni kumtwisha mzigo usiku. Ongeeni na zahanati iliyo karibu, angalieni nani ana bima ya afya, na mjue dawa zipi hazikosekani pale. Ikiwa jibu bado halijapatikana, ahirisheni. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete iliyofunguliwa Muhimbili mwaka 2015 inafanya kazi kubwa, lakini anayefikishwa huko kutoka vijijini mara nyingi amechelewa miaka kumi.

Na mashauri mtakayotoa yawe yanayowezekana. Mtu wa kilo 80 akipungua kilo nne tu, shinikizo na sukari huanza kushuka. Hahitaji kurudi mwili wa ujana. Mazoezi ya kujikunja kwa ajili ya tumbo peke yake hayaondoi mafuta ya ndani; kutembea kwa haraka nusu saa, siku tano za wiki, kunayagusa. Chumvi yote ya siku, pamoja na iliyomo kwenye mboga na mkate, isizidi kijiko kimoja cha chai. Mafuta ya kula yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe kutoka kwenye dumu. Ugali wa dona hushinda wa sembe. Sigara iachwe kabisa, hata kwa mtu mwembamba. Kuhusu chai na vidonge vya kuyeyusha kitambi vinavyouzwa stendi na kwenye simu, hatujaona sababu ya kumshauri muumini yeyote atupe fedha yake huko.

Hapa turuhusiwe kusema la kwetu wenyewe. Soda moja ya mililita 350 ina sukari ya vijiko vidogo tisa hivi. Katika vikao vya kamati zetu, za afya zikiwemo, kila mjumbe huwekewa soda na maandazi mawili kabla ya sala ya kufungua, na kwenye kipaimara mgeni asiyepewa soda ya pili hurudi amenuna. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho kuhusu mwili kuwa hekalu. Sisi tumelifanya hekalu hilo ghala la soda. Parokia moja imeanza kuweka maji, ndizi mbivu na karanga kwenye vikao. Mwanzoni wajumbe walinung'unika na mahudhurio yakapungua kwa vikao viwili. Sasa wamezoea, na fedha iliyobaki ilitosha kununua mashine moja yenye mifuko miwili.

Maombi ya mizani

Parokia nne zilizoomba mizani zitapata kila moja futi kamba sita, kadi 500 na siku mbili za mafunzo pamoja na muuguzi, na fedha iliyosalia itakwenda kwenye mashine za shinikizo la damu na mifuko mikubwa. Mizani tutaitoa baadaye kwa kamati itakayotuonyesha kwamba waliokutwa na shinikizo wamefika zahanati na kurudi mara ya pili. Wafadhili watakaopenda kusaidia sehemu hii, hitaji kubwa kwa sasa ni mfuko wa vidonge vya mwezi wa pili.

Kwa mazungumzo ya jumuiya kabla ya toleo lijalo: Je, katika jumuiya yetu, mtu akipungua mwili tunamwambia nini, na akinenepa tunamwambia nini? Kati yetu ni wangapi wanajua namba ya shinikizo lao la damu, na waliipimia wapi mara ya mwisho? Kamba yako mwenyewe, ewe mwenyekiti wa kamati, inakutana?